Makala Kumi na Mbili za Phineas Mwambire

Mwaka umetimia leo, tarehe 9 Juni 1988, tangu ulipotutoka, Baba Dena. Kiti chako bado kiko barazani hapa nyumbani kwetu Barani, na wanao hawataki kisogezwe.

Wengi walikujua kama mwalimu wa hesabu wa chuo kikuu, mzaliwa wa Rabai, aliyerudi Pwani kila likizo. Wachache walijua ulichokuwa ukikitafuta. Siku moja ulitueleza mezani, ukidondosha chai juu ya kipande cha jiwe la matumbawe: "Kila tundu humu limefunguka au limeziba kwa bahati tu. Mimi nataka kujua, yafunguke mangapi ndipo chai itokee upande wa pili?" Binti yetu Mbeyu akakuuliza kama kweli unalipwa kwa hilo. Ulicheka hadi ukakohoa.

Uliandika popote, hata nyuma ya ratiba ya ibada. Wageni uliwasindikiza hadi barabarani, ukarudi umevaa viatu vya mtu mwingine.

Mwaka wa 1983 makala yako ya saba ilisifiwa mpaka ng'ambo, na jina lako likapelekwa mbele ya kamati ili upandishwe kuwa profesa. Ndipo ikaja barua ya Mueni, mwanafunzi wako wa zamani aliyekuwa akifundisha sekondari Kilifi. "Shikamoo Mwalimu. Nisamehe, ukurasa wa nne sijauelewa." Ulikaa na ukurasa huo siku tatu. Mueni alikuwa ameelewa vizuri. Wewe ndiye uliyekosea.

Mimi mkeo, Easter, nilikusihi. "Baba Dena, nani mwingine ataona?"

"Mimi nimeshaona, Mama Dena."

Ukaliandikia jarida barua, ukaomba makala ifutwe. Uprofesa ukaota mbawa. Nilinuna mwezi mzima, nawe hukunilaumu hata siku moja. Mueni ulimjibu: "Asante, binti yangu. Njoo tuitengeneze." Mlihangaika nayo miaka mitatu na hamkuweza kuiokoa yote. Sehemu iliyosimama mkaichapisha pamoja, jina lake likitangulia lako.

Mwezi uliopita chuo kilituomba orodha ya makala zako. Mimi na Dena tulihesabu kumi na moja. Ile iliyofutwa tuliiacha, maana hatukutaka uaibike. Kisha Mbeyu akakuta, ndani ya kabati lako, orodha uliyoiandika kwa mkono wako mwenyewe. Namba saba ilikuwapo, na mbele yake umeandika: "Imefutwa. Nilikosea ukurasa wa nne. Aliyegundua ni Mueni."

Tumepeleka kumi na mbili.

Unakumbukwa na mkeo Easter, wanao Dena na Mbeyu, kaka yako Nahashon na ndugu wote wa Rabai, pamoja na Mueni, ambaye bado anakuita Mwalimu. Hutatutoka moyoni maisha yetu yote.