Mtoto Asiyelia Si Shujaa

Kiptoo, mdogo wangu,

Daktari wa meno wa hapa Eldoret amesema leo asubuhi kwamba kipande cha ulimi alichojing'ata Kiprono hakitaota tena. Kilichobaki kinaweza kuokolewa. Nakuandikia gazetini kwa sababu barua nilizokutumia Timboroa hukuzijibu, na gazeti najua hulikosi.

Mwanao ana miaka minne na hajui maumivu. Alizaliwa hivyo. Hutafuna ulimi wake kama sisi tunavyotafuna muwa, mpaka mtu aone damu. Ndiyo sababu daktari alisaga makali ya meno yake, akamtengenezea kifuniko laini cha meno ya chini. Mkeo alikuwa akimkagua mdomo kila baada ya kula. Vidonda vilianza kufunga.

Halafu ukamleta kwenye mkutano wa wenye hisa kule Soy, tulipokuwa tukigawana shamba la yule mzungu aliyehama. Ulimwinua mbele ya watu, ukamvua kifuniko.

"Huyu si farasi wa mzungu avae lijamu! Tazameni dume! Damu inatoka na hata jicho halipepesi!"

Watu wakapiga makofi. Mkeo hakupiga.

"Hata gunia la mahindi halilii likitobolewa, Baba Kiprono. Lakini linamwagika."

Ulimwambia anyamaze mbele ya wazee. Kifuniko uliondoka nacho mfukoni, na wiki hiyo hiyo mtoto akajikata ulimi.

Sasa daktari anataka kung'oa meno mawili ya mbele, ya chini. Mengine yataota mtoto akiwa na akili ya kujitunza. Wewe ukamtumia mkeo neno kwa dereva wa lori: "Kung'oa meno ni ushenzi wa zamani. Sisi ni watu wa kanisa."

Kiptoo, wewe una pengo hapo hapo. Nilikuwepo siku uliyong'olewa kwa mila ya kwetu. Ulinishika shati ukalia, wanaume wakakucheka, na mimi nikacheka. Lakini Mama alikusikia kutoka zizini, akaja mbio na kibuyu cha maziwa baridi. Kilio chako ndicho kilichomleta. Kiprono hana cha kumwita mtu.

Ruhusa yako siiombi tena. Hospitali imekubali sahihi yangu.

Atang'olewa Alhamisi, saa tatu asubuhi. Hatalia. Usije kumpigia makofi.

Kaka yako,
baba mkubwa wa Kiprono