Usimfunike Mama kwa Zege

Nyumbani kwa mama,
chumba cha nyuma.
Jumatatu, mvua imekatika.

Mpendwa mdogo wangu,

Hujambo huko uliko? Shemeji hajambo? Watoto wanakua? Mimi mzima kabisa. Macho yanaona, meno yapo ya kutosha, na kalamu hii nimeishika mwenyewe, sijamwomba mtu aniandikie. Ukiona herufi zimelala, ujue ni hasira, si uzee.

Sasa nisikilize vizuri. Watu wako walifika. Walikuja na gari limejaa saruji, kokoto na vigae vyeusi vinang'aa kama viatu vya askari, eti wamjengee mama kaburi. Nikatoka na kigoda changu, nikaketi pale pale walipotaka kuchimba msingi.

Fundi wao, jamaa mmoja mnene, akaniambia, "Mzee, tupishe tufanye kazi."

"Kazi gani? Hapa kuna mtu amelala, na Mungu atamwamsha."

"Tumetumwa na mdogo wako."

"Basi mwambie aje anitoe yeye."

Akacheka. "Lakini mzee wangu, kwani Mungu atashindwa na zege?" Na wenzake nao wakacheka.

Nikamwambia, "Hashindwi hata na mlima. Ila wewe, mkeo akilala chumbani na unajua ataamka, utaupigilia mlango misumari?"

Wakashusha mizigo yako, wakaondoka.

Usije ukafikiri nimeogopa kushindwa na mafundi wako. Kanisa letu nani alilipiga lipu? Mimi. Nenda katafute ufa pale, ukiupata nikate mkono. Ningetaka mama awe na kaburi la kushangaza watu ningelijenga kwa mikono yangu, na hao wako wangekuja kulipiga picha. Sikujenga kwa sababu mwenyewe alikataa. Wewe hukuwepo, ndiyo maana hujui. Alisema, "Msinijengee. Nimeishi chini, nilazeni chini. Atakayeniamsha ananijua." Dada yetu alikuwepo, muulize. Tena yule tunamwita Redio, utaambiwa hata usiyoyauliza.

Halafu lile jiwe la kichwani mwa kaburi walilolishusha. Nani alikutuma? Chini ya jina la mama umeandika, "Amejengewa na mwanawe," na jina lako kubwa kuliko lake! Mama huyu huyu aliyekuwa akikaa benchi la nyuma kanisani makusudi, ili wengine wapate mbele. Alikuwa na gauni la kanisani moja, na akisifiwa nalo anabadilisha mazungumzo. Wewe umejifunzia wapi makubwa hayo? Si nyumbani kwetu.

Mimi naamini, tena naamini kuliko wewe. Unakumbuka magoti ya mama? Mwishoni alikuwa anaomba amekaa, hawezi kupiga goti. Mungu ametuahidi kuturudishia kila kilichoharibika, na magoti yale yamo. Atatoka mle ndani anatembea. Nataka akitoka akanyage udongo na majani, asianze siku yake ya kwanza kwa kupanda juu ya fahari yako.

Vitu vyako havijapotea, usipige kelele. Saruji na kokoto nimesakafia jiko la Redio, maana lilikuwa tope tupu. Sakafu imenyooka, ukimwaga maji yanajua pa kwenda. Vigae vimerundikwa nyuma ya nyumba, uje uvichukue. Lile jiwe nimelilaza kifudifudi karibu na bomba, Redio anafulia nguo juu yake. Ndiyo kazi ya kwanza ya maana jina lako limefanya kwetu tangu uondoke.

Umekasirika? Vizuri. Panda gari uje unigombeze mbele yangu. Kwenye maziko tulikungoja mpaka mchungaji akaona haya kuanza. Ukatuma salamu. Sasa umetuma vigae. Mama hakuomba kimoja katika hivyo. Alikuulizia wewe.

Kaburi lake ni kichuguu cha udongo tu, na majani yameota baada ya mvua hizi. Ninayang'oa mwenyewe, mgongo unalia. Kushoto kwake ni pangu, nimeshawaambia wote. Kulia nimepigania mpaka nimegombana na baba mdogo, pamebaki wazi. Pale ni pako, mjinga wewe. Siku ile mama akiinuka atageuka huku na huku kutuangalia, na sitaki aniulize tena uko wapi. Nimechoka kulijibu swali hilo.

Msalimie shemeji, mwambie hasira zangu hazimhusu. Wasalimie watoto, hasa yule mwenye masikio yangu. Redio na baba mdogo wanakusalimu. Mungu akulinde, akushushe kidogo, na akulete.

Mimi ninayekupenda hata nikikutukana,

Kaka yako mkubwa, fundi.