Mwenye Pombe Hunywa Kwanza

Nyuma ya soko la mihogo,
Koboko.
9 Julai 2025

Mpendwa mdogo wangu Poni,

Pokea salamu nyingi kutoka nyumbani, nyingi kama mvua ya mwezi huu, ambayo haitupi nafasi ya kuanika hata kitambaa cha mezani. U hali gani? Na lile goti, bado linakusumbua ukipanda ngazi? Mwanao Tongun na mkewe wanakupigia simu huko walikohamia, au wamekuwa kama vijana wote? Unakula vizuri, au bado ni mkate na chai tu? Ukinijibu "nakula" bila kutaja chakula nitajua unadanganya.

Sisi huku ni wazima. Mguu wa mwanangu Pitia umepona na amerudi kwenye boda yake, kutoka hapa mpaka mpakani na kurudi. Yule mbuzi mweupe uliyeninunulia amezaa mapacha, wote majike. Mmoja nimempa jina lako kwa sababu hanyamazi.

Nakuandikia barua badala ya kukutumia sauti kwa simu kwa sababu mambo haya nikiyasema nitalia, na wewe ukinisikia ninalia utakata tiketi ya ndege. Patience, binti wa Mwalimu Candia, anakuja huko kusoma, na ndiye atakayekuletea. Mpe chakula cha moto, mtoto wa watu.

Mwezi uliopita ulinieleza habari ya chama cha mvinyo. Kwamba mtu akijiunga, kila mwezi analetewa mlangoni sanduku la chupa tatu, kila moja na karatasi inayosema imetoka shamba gani, na akichoka anajitoa. Ukaniuliza, kwa kuwa mimi ndiye pua ya familia, ujiunge au uache. Ukacheka. Halafu, kabla ya kuzima simu, ukasema polepole kwamba tangu Tongun ahame nyumba imekuwa kimya sana jioni.

Kwanza na mimi nilicheka. Chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Nikasema pombe inayotembea yenyewe hadi mlangoni kwa mtu na kubisha hodi ina lake jambo. Lakini yale maneno yako ya mwisho hayakunitoka. Nilimkumbuka baba. Unakumbuka alivyokuwa baada ya kutoka jeshini, akijifungia chumbani na chupa yake ya waragi, mama akigonga na yeye hajibu? Wewe ulikuwa mdogo, ulidhani anasali. Mimi nilijua. Kwa hiyo swali lako si dogo, Poni, nami sikutaka kulijibu kwa mdomo mtupu. Naogopa kukuona wewe pia nyuma ya mlango uliofungwa, na safari hii hakuna mama wa kugonga.

Sasa nikuambie nililokuficha miaka minne. Pua yangu ilikufa. Ule ugonjwa ulioifunga dunia nzima ulipita kwangu, nikapona kifua, pua ikabaki huko huko. Maharage yalikuwa yanaungua mbele yangu na mimi nimekaa tu. Na wewe unajua mpika kwete, hii pombe yetu ya nafaka, anapimia nini. Si saa wala kalenda. Unainamia mtungi asubuhi na harufu inakuambia yenyewe kama pombe imeiva, kama bado, au kama imekwenda mbali mno. Mimi nikawa nainama na hakuna anayeniambia kitu.

Unajua nani alikuwa pua yangu? Faridah, mke wa Shafiki, jirani yetu. Mwanamke ambaye hajaonja pombe tangu azaliwe, wala hataonja. Alikuwa anasimama mlangoni, ushungi wake vizuri, ananusa kutoka mbali, halafu ananiambia, "Mama Pitia, mimi haiko najua mambo ya pombe. Lakini ile ya leo ni kama mutu amekasirika ndani ya mtungi." Na kweli, ukiichota, imechacha kupita kiasi. Alisema Mungu anajua kwamba anamsaidia jirani.

Lakini pua ya kuazima haitoshi. Niliharibu mitungi minne mfululizo. Wazee walikunywa kwa heshima tu, wakinikodolea macho ya huruma, na huruma ya mnywaji ni mbaya kuliko matusi. Nikaacha. Mtungi mkubwa wa mama nikaufunika kifudifudi nyuma ya nyumba. Ulipokuwa ukiuliza kazi inaendeleaje, nilikuwa nasema inaendelea. Haikuwa inaendelea. Nisamehe.

Basi swali lako lilipokuja, nilimpigia Betty, binti wa shangazi yetu, yule wa Mvara. Anapika kwenye nyumba moja ya wageni mjini Arua, na aliwahi kuniambia kwamba kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi watu hukusanyika pale barazani kuonja mvinyo. Nao ni chama, wanalipa ada. Anayekiongoza ni Jude Obeti, mtu wa Adumi aliyefanya kazi miaka mingi kwenye hoteli za Cape Town. Betty akaniombea nafasi moja ya mgeni. Nikajisemea, kama pua imekataa, nitakwenda na macho.

Tulitoka kwa Betty mchana, na kwa kuwa Mvara ni Mvara, mtaa wa walokole, akanipa kitabu cha nyimbo nikishike mpaka tulipopita kanisa. Mama mmoja akatusifu kwa kwenda mazoezi ya kwaya Jumamosi. Betty alisema asante bila haya.

Poni, kuishi kwingi ni kuona mengi. Tulikuwa watu kumi na wawili, meza ndefu yenye kitambaa cheupe, na mbele ya kila mtu glasi tatu nyembamba ambazo niliogopa hata kuzigusa. Hakuna aliyepiga kelele. Obeti akaleta chupa, akaipitisha kwa kila mtu kama anavyoonyeshwa mtoto mchanga. Akasema zabibu zake zilivunwa mwaka 2016 kwenye mlima mmoja wa kule kusini, na kwamba tangu siku ile imelala gizani ikijitengeneza bila mtu kuigusa. Miaka tisa! Mimi kwete yangu ikifika siku ya nne nahofia.

Akaifungua. Akaangalia meza nzima, akaona mimi ndiye mkubwa na ndiye mgeni, akaja kwangu. Akanimiminia tone dogo tu chini ya glasi, akarudi nyuma, akasimama ananitazama. Wote wakanitazama. Yeye hakujimiminia kitu.

Mdogo wangu, damu ilinisimama. Kwetu ni nani anampa mgeni pombe na yeye mwenyewe hajaigusa, halafu anasimama kungoja aone itamfanya nini? Nikaisukuma ile glasi katikati ya meza. Nikamwambia, "Baba, kwetu mwenye pombe iko nakunywa kwanza. Mgeni nangoja."

Betty alinifinya pajani. Mwanamke mmoja mwenye miwani akaanza kunieleza kwa upole kwamba sivyo, kwamba hii ni heshima kubwa, kwamba huko inakotoka desturi hii mgeni hupewa aonje kwanza aseme kama chupa imeharibika. Nilielewa, na uso ukanichoma kwa aibu. Kumbe kwao mgeni anaiamua pombe, na sisi kwetu mwenye nyumba anajidhamini kwa roho yake kwamba hakuna sumu. Nilitaka kuomba radhi na kuondoka.

Lakini Obeti aliweka chupa mezani. Akasema, "Hapana, mama iko sawa. Mama yangu alikuwa nafanya hivyo. Mimi nilisahau kule." Akachukua glasi yake, akamimina, akanywa mbele yangu akiwa amesimama, akameza ili nione. Halafu akanimiminia mimi, glasi ya haki, kwa mikono miwili.

Nikaiinua. Betty alikuwa amenifundisha kunusa kwanza, nikanusa kwa ajili ya adabu tu, maana nilijua hakuna kitu.

Poni, kulikuwa na kitu.

Sijui nikuelezeje. Kilikuja kwa mbali, kikapotea, nikakifuata kwa pua mpaka karibu nizamishe uso ndani ya glasi, kikarudi. Kilikuwa mtungi mpya. Ile harufu ya mtungi uliotoka motoni, ukapoa, ukatiwa maji ya kwanza, udongo ukayanywa. Harufu ya nyuma ya nyumba, mama amepiga magoti, sisi wawili tunagombania nani anywe kwanza. Ilisimama pale puani mwangu, nzima, baada ya miaka minne ya kutosikia hata moshi. Nililia mbele za watu nisiowajua wala sikuona haya. Obeti aliniuliza nasikia nini, nikasema mtungi mpya, maji ya kwanza. Hakuna aliyecheka. Mwenye miwani alinusa glasi yake tena, akasema kweli, ni udongo, alikuwa anatafuta neno.

Ndipo nikaukumbuka ule mwaka. 2016 ndio mwaka tuliomzika mama, na wewe huko kwako ukisubiri karatasi za ukaazi, hukuweza kuja. Siku zile zile mimi nikimmwagia udongo, mtu tusiyemjua alikuwa anaponda zabibu kwenye mlima wake na kuzifungia. Sisemi ni muujiza. Nakuambia tu kilichotokea, na kwamba mpaka leo nikikifikiria, nywele za mikono zinasimama.

Halafu wakaanza kutema. Wanaonja, wanazungusha mdomoni, wanatema kwenye bakuli, mvinyo wa miaka tisa! Hapo nilifumba macho. Yangu niliimeza yote, na ya Betty.

Kesho yake katika gari la kurudi Koboko nilikuwa kama mtoto. Nilisikia petroli. Nilisikia samaki wakavu wa mama aliyekaa mbele yangu, abiria wote wameziba pua, mimi namshukuru Mungu kwa samaki wale. Harufu nyingine zinakuja, nyingine bado zimegoma. Kahawa haina kitu mpaka leo. Faridah nilipomwambia alinishika mikono yote miwili, akasema Alhamdulillahi mara tatu, na machozi yakamtoka kuliko mimi.

Sasa jibu lako. Nimelifikiria tangu Jumamosi.

Kile kinywaji ni kitu cha ajabu, sikudanganyi. Nilikwenda nikidhani ni divai ya kanisani iliyopandishwa bei. Chupa ile ilibeba mlima na mwaka mzima ndani yake, na ada ya mwezi kwa ajili hiyo si upumbavu. Kama ungeniuliza habari ya chupa peke yake, ningesema jiunge leo.

Lakini mwenye pombe hunywa kwanza, na hakuna wa kwanza bila wa pili. Hilo ndilo nililoliona pale barazani Obeti alipomeza mbele yangu. Baba hakuwa na wa pili. Hakuwa na mtu wa kumwonyesha kwamba pombe ni safi, ndiyo maana haikuwa safi tena. Sanduku litakuja mlangoni kwako, sawa, lakini aliyelileta anaondoka na gari lake. Nani atakuwa mgeni wako?

Uliniambia wakati ule umeugua, kuna mama wa Kifilipino anayekaa chini yako, mwenye mbwa mdogo, alikuletea supu mpaka mlangoni. Nilikuuliza anaitwa nani, ukasema hujui. Miaka mitatu, Poni! Heri jirani aliye karibu kuliko ndugu aliye mbali, na mimi ndiye ndugu aliye mbali, inaniuma kuliandika. Mimi nilikuwa na Faridah mlangoni. Bila yeye sijui hii miaka minne ningekuwa wapi.

Basi jiunge. Ila sanduku la kwanza likifika usilifungue. Shuka ngazi polepole kwa ajili ya goti, gonga kwa yule mama, mwite. Mkikaa, mimina, kunywa wewe kwanza, umeze aone, halafu mpe kwa mikono miwili. Kama hanywi mvinyo, mpe chai, na wewe kunywa chai. Na kama yakipita masanduku matatu na bado unafungua chupa peke yako, jitoe, kisha unipigie saa yoyote.

Mimi sikujiunga na cha Arua. Ada yao ya mwezi ni bei ya majogoo wawili, na tayari nina chama changu. Jumapili hiyo hiyo niliugeuza mtungi wa mama, nikausugua, nikautia maji. Ulezi nimeuloweka, leo umeanza kuchipua. Faridah alikuja asubuhi akasimama pale mlangoni kwa mazoea, nikamwambia siku hizi sihitaji. Akanusa hata hivyo. Kwete ikiiva, mtungi wa kwanza utakwenda Arua. Obeti ameniomba niwapelekee mwezi ujao, na ameshawaambia watu wake kwamba siku hiyo hakuna kutema.

Nisalimie Tongun na mkewe. Pitia anakusalimia, Betty anakusalimia na anasema kitabu cha nyimbo bado kipo ukija, Faridah na Shafiki wanakusalimia sana. Mungu aliyenirudishia pua akurudishie sauti za watu ndani ya nyumba yako.

Ni mimi dada yako, nikupendaye kwa mbali na kwa karibu,

Agnes Keji

Ukinijibu, usianze na salamu kama tulivyofundishwa. Anza na jina la jirani yako.