Zizi la Baba Limejaa

Kijiji cha Masakta,
S.L.P. 14, Katesh, Hanang.
2 Oktoba, 1977.

Mpendwa Dada Helena,

Shikamoo dada. Shemeji hajambo? Na watoto, homa za huko Mtwara zimewaacha? Sisi huku ni wazima. Mama ana nguvu na ulimi wake ni ule ule. Leo asubuhi amenigombeza kwa kuchelewa kukuandikia.

Najua umenikasirikia. Tangu ile simu ya kukujulisha kwamba Baba amefariki, umeniuliza mara mbili kama wazee walikubali kumjengea bung'eda, lile tuta la heshima la wazee wetu, nami nikanyamaza. Niliogopa kutangaza tuta kabla halijakamilika. Jana limekamilika, dada! Limesimama zizini juu ya kaburi lake, refu kuliko mlango wa kanisa, na kaka yetu Nikolausi amepanda hadi juu, kama mila inavyomtaka mwana, mbele ya umati ambao sijauona hata mnadani.

Lakini haikuwa rahisi, ngoja nikueleze.

Mwaka jana maduka ya watu binafsi yalipofungwa, wapo waliomwita Baba mnyonyaji mkutanoni. Akakabidhi mizani na magunia ya chumvi, akarudi nyumbani. Wiki ya tatu wakamfuata wao wenyewe awauzie katika duka la kijiji, maana hakuna mwingine aliyeweza kugawa chumvi bila kugombana na akina mama. Akaenda, tena kwa madaha! Hapo ndipo kifua kilipomkamata. Siku nne tu, akatutoka.

Baraza la wazee lilikaa siku hiyo hiyo. Mzee Gidabuya akasema waziwazi kwamba bung'eda ni heshima ya mtu wa ng'ombe, na zizi la baba yetu Gidamis ni tupu. Mzee atazikwaje katika zizi lisilo na hata kwato moja? Nilitamani ardhi inimeze, kwa sababu ni kweli. Baba alizeekea dukani, na ng'ombe wetu wa mwisho tulimchinja ulipoolewa. Mliomla ni nyinyi!

Ndipo akasimama mama mmoja mjane, wa kule bondeni.

“Mwaka ule wa njaa nilimletea Gidamis mtamba wangu anipe mahindi,” akasema. “Mahindi alinipa. Mtamba akaniambia nirudi naye, yeye hanunui mtamba kwa mtu mwenye njaa. Leo nina ng'ombe kumi na mmoja. Nyinyi mnaita zizi lake tupu?”

Kisha mzee mwingine akasema hata yeye alirudishwa nyumbani pamoja na mtamba wake, na mwingine tena. Dada, sisi watoto hatukujua lolote! Mama ndiye aliyejua, na miaka yote hiyo alimsema Baba kwamba hana akili ya biashara.

Kesho yake asubuhi tulisikia kengele za ng'ombe kutoka kila upande. Wale aliowarudisha walikuja na mitamba, uzao wa wale wale aliokataa kuwanunua, wakawaingiza zizini mpaka lango halikufungika. Nilicheka huku nalia. Na Mzee Gidabuya, yule yule, alihangaika na fimbo yake akiswaga ng'ombe pembeni ili ipatikane nafasi ya kuchimba kaburi.

Miezi kumi watu wamekuja kwa zamu kupandisha udongo na samadi. Jana Mzee Gidabuya ndiye aliyemshika mkono Nikolausi kumwanzishia kupanda.

Mama anakusalimu sana, pia shangazi Fabiola, na mjomba Marko anayesema umemsahau. Nisalimie shemeji na wanangu wote. Mungu awafunike kwa mkono wake, awape mvua na afya.

Na huko ugenini wakikuuliza baba yako alikuwa nani, usiseme tu alikuwa na duka. Sema alikuwa mfanyabiashara wa Masakta, na alizikwa katika zizi lililokosa nafasi.

Mdogo wako akupendaye siku zote,
Konsolata