Kondoo Mbele, Hadithi Nyuma

Baba,

Kondoo wako hawajambo. Naanza na wao kwa sababu najua ungewauliza wao kwanza, kisha wajukuu, kisha mimi. Yule jike mweusi mwenye mkia mnene alizaa mapacha mvua zilipoanza, na wote wawili wananyonya vizuri. Dume uliyemtoa Msangano bado ana ugomvi na geti la zizi. Kaka Yohana anawapeleka malishoni kila siku. Mimi nafunga duka Tunduma na kuja Ihanda kila Jumapili baada ya ibada, jambo ambalo ulipokuwa hai hukulipata kwangu hata mara moja kwa mwezi.

Mazikoni watu walisema umekufa kikondoo, na kufa kikondoo ndiko kufa kiungwana. Nilikumbuka msemo huo ulivyokuwa ukikukasirisha. Ulikuwa ukisema wanaomwita kondoo mpole hawajawahi kumshika mdomo wampe dawa ya minyoo. Lakini kweli ulikwenda kimya. Yohana alikukuta umeegemea ukuta wa zizi asubuhi, kalamu ikiwa mfukoni, akadhani unawaza sura inayofuata ya hadithi yako.

Sasa nina jambo la kukiri, na afadhali ulisikie kutoka kwangu.

Siku ya tatu ya matanga tulisafisha chumba chako ili wageni wa Msangano wapate pa kulala. Chini ya kitanda nilikuta kaunta buku saba zimefungwa kwa kamba ya katani. Nikafungua daftari la juu: "Jike wa masikio mafupi amezaa dume. Dawa ya minyoo, wote." La pili, kondoo. La tatu, kondoo. Nikajisemea, hizi ni kumbukumbu za mifugo, na mifugo yenyewe Yohana anaijua kwa kichwa. Mama Subi, jirani yetu anayekaanga maandazi stendi ya Vwawa, alikuwa ametupikia siku zote tatu bila kupumzika. Akauliza kama kuna karatasi za kufungia. Nikampa madaftari yote kwa mikono miwili, kwa shukrani.

Sikuyageuza, Baba. Nimekulia nyumba hiyo. Miaka yote nilikuona ukiandika kondoo mbele, kisha unaligeuza daftari juu chini na kuanza hadithi kutoka nyuma, kwa kuwa hukupenda kupoteza karatasi. Fundi baiskeli wa pale njia panda alilijua hilo. Mimi binti yako nikasahau. Au niseme ukweli: sikuwa nimejali.

Unajua nilivyokuwa. Vile vitabu vyako viwili vilivyochapwa ulimpa kila aliyenunua kondoo, atake asitake. Muuza nyama mmoja wa Tunduma ana nakala nyingi za kitabu kilekile, amezipanga juu ya friji, na huwaambia wateja kwamba ana maktaba. Mimi nilikuwa na moja, imekaa chini ya mguu wa meza unaoyumba. Hiki cha tatu ulinipa daftari mkononi kila nilipokuja, nami nikarudisha jibu lilelile, "Nitasoma nikitulia, Baba." Nawe ukasema, "Haya mama, tulia."

Wiki mbili baada ya mazishi nilishuka Vwawa, nikanunua maandazi kwa Mama Subi. Karatasi ilikuwa imelowa mafuta, lakini mwandiko wako naujua. Ilikuwa hadithi ya yule mzee ambaye kondoo wake wamevuka mpaka kwenda kula majani ya Zambia, naye anawafuata akiwa na Kibemba cha kuokoteza. Kwenye ukurasa ule anapita Tunduma dukani kwa binti yake, ananuka zizi, na ndani kuna wateja wa vitenge. "Binti akamtolea kiti nje. Kilikuwa kiti kizuri, na kivuli kilikuwepo." Hukuandika zaidi ya hapo. Ukamfanya mzee anywe maji, ashukuru, aondoke.

Ile siku uliyokuja dukani naikumbuka, Baba. Nilidhani wewe hukuelewa kwa nini nilikuwekea kiti nje. Nililia palepale stendi, andazi mkononi, makondakta wakiniuliza nimeibiwa nini.

Mama Subi alishika kichwa. Alikuwa ameyatumia madaftari matatu ya juu, na la juu ndilo la mwisho kuandikwa. Kwa hiyo sura zote za mwisho zilikuwa zimeliwa na abiria wa Mbeya. Manne yaliyobaki alinikabidhi saa ileile, na hata leo akiniona anaanza kuomba msamaha ambao ni wangu mimi kuuomba.

Nilikwenda kwa Yohana kukiri. Nilitarajia matusi, na nilistahili. Akaniangalia tu, akasema, "Si alinisomea yote." Mtu ambaye sote tulidhani hasikii la mtu. Kumbe kila sura ulipoimaliza ulisimama kwenye lile jiwe la malishoni ukawasomea yeye na kondoo. Kondoo wakiendelea kula, sura ni nzuri. Wakiinua vichwa, unarudi kuiandika upya. Yohana hakupita darasa la tatu, lakini hadithi yako anayo yote kichwani, hadi kikohozi chako anakiweka mahali pake.

Ila alikataa kuanzia sura zilizopotea. "Maneno yanakuja yakifuatana, mdogo wangu. Anza mwanzo, soma kwa sauti, nikifika huko nitakwambia." Basi mimi, mwenye duka la vitenge, nikapanda juu ya jiwe na kuwasomea kondoo. Jumapili ya kwanza niliona aibu. Ya tatu nilijikuta nacheka pale mzee anapobishana na askari wa mpaka kwamba kondoo hawana uraia. Daftari la nne lilipokwisha, nikakaa chini, Yohana akaanza kusema na mimi nikaandika. Nimenunua kaunta buku mpya. Mbele nimewaandika wale mapacha.

Wiki iliyopita tulifika pale mzee amewarudisha kondoo wote isipokuwa mmoja, na amesimama Tunduma, ng'ambo ya barabara, mbele ya duka la binti yake. Yohana akaishia hapo. Nikangoja na kalamu. Nikadhani amesahau, nikamwambia ajaribu kukumbuka, taratibu tu.

Hakuwa amesahau. Alisema, "Hapo Baba alifunga daftari. Alisema huu mwisho hatauandika mpaka Tabu asome kwanza."

Miezi yote hii nilidhani nimeutoa mwisho wako ukafungiwe maandazi. Kumbe haukuwahi kuandikwa. Ulikuwa unanisubiri mimi nitulie, Baba, na ulisubiri mpaka siku ile ya ukuta wa zizi. Naumia sana. Sina namna nyingine ya kulisema.

Yohana anataka niumalize mimi. Nimekataa. Nitakipeleka kitabu kichapwe kikiishia pale ulipofunga daftari, mzee bado amesimama ng'ambo ya barabara, na yeyote atakayenunua kondoo kwetu atapewa nakala yake, atake asitake. Muuza nyama atahitaji friji nyingine. Na kile kiti nimekiingiza ndani ya duka. Kinabana njia, wateja wanalalamika, na kitabaki hapohapo.

Lala salama, Baba. Zizi hatutalifunga.

Na kwa kuwa ulitaka kusikia kutoka kwangu: nimesoma yote. Ni kitabu kizuri. Ila sura ya nne ni ndefu mno. Kondoo waliinua vichwa.

Binti yako,
Tabu