Hukuniomba Ridhaa

Baba Neema, mume wangu,

Hujambo huko kwenu Pito? Baridi imeshaanza kuuma? Sisi hapa Morogoro wazima, ila Neema anaota meno. Halali, nami silali. Mchana nasinzia dukani nimesimama kwenye mashine ya fotokopi. Nimeona niandike, maana kwenye simu unanikatiza.

Umenieleza habari za Dokta Rehema, huyo mtafiti unayemtafsiria Kifipa. Kwamba anakusanya makala za wasomi kuhusu maadili ya kuwafanyia watu utafiti, anatazama zinavyoongezeka mwaka hadi mwaka. Zamani waliandika zaidi mambo ya dawa na hospitali. Siku hizi wanauliza kama mtu wa kijijini alielewa alichokikubali. Na kwamba wanaoandika kutoka kwetu bado wachache, ndiyo maana kaja kuwasikiliza wazee wa hapo. Yote umeyaeleza vizuri, bila kuchoka. Neema ukamuulizia mwishoni, haraka haraka.

Nikasema huyu ananidanganya, hakuna kazi ya kufuatilia maandishi ya wenzako. Nikamuuliza mwanafunzi mmoja aliyekuja kutoa kopi. Akacheka.

"Dada, watu wanapata shahada ya udaktari kwa kazi hiyo hiyo."

Nikaumia zaidi. Afadhali ungekuwa mwongo.

Wifi kaniambia huyo Dokta unampakia kwenye pikipiki, na mama anamsongea ugali wa ulezi, kama alivyonisongea mimi nilipoletwa kwenu. Sitaficha, nimeona wivu.

Sasa unasema mnashuka Kasanga, kule ziwani, mtakaa huko mpaka kazi iishe. Unasema tu. Utaratibu wenu ulinieleza mwenyewe: kila bibi mnayemhoji anaelezwa kwanza kazi yote, anaachwa akafikirie, na akikataa haulizwi kwa nini. Bibi wa watu anaombwa ridhaa, mkeo anapewa taarifa?

Nakupenda, Baba Neema, na najua hela ya kazi hiyo inatusaidia. Hapo Pito mtafsirie kutwa nzima, jioni ulale kwa mama. Kasanga hawakosi mtu wa kutafsiri.

Mpe mama shikamoo yangu. Wifi mwambie asiache kunipa habari. Shemeji mdogo akazane na shule. Na Dokta naye msalimie, umwambie mkalimani wake ana mke, na mke amekataa.

Ni mimi mkeo,
Mama Neema