Vumbi la Galaksi Yako, Shangazi

Shangazi,

Nina hasira na wewe, kwa hiyo usitegemee nianze na pumzika kwa amani. Ulijua unaumwa. Madaktari walijua. Mie niliyekuwa nakaa na wewe Boko, nakukorogea uji, meza moja tukipima vumbi la galaksi, nikaambiwa ni vidonda vya tumbo.

Sasa sikia walichofanya ndugu zako. Siku ya msiba, kabla hata jeneza halijafika, Baba Mkubwa aliingia chumbani kwako, akachomoa kompyuta, akachomeka spika za kwaya. Ile hesabu ya vumbi uliyoiacha kompyuta ikiipiga tangu hujalazwa ikapotea yote. Nilipopiga kelele akasema, "We mtoto, wenzio wanamlilia marehemu, we unalilia mashine?" Ndiyo, niliililia. Nililia mpaka kina mama wakanishika.

Halafu wasifu. Maisha yako yote ya kazi umechunguza galaksi, wataalamu wa nchi za mbali wanakuandikia kukuuliza vumbi lililo kati ya nyota limetoka wapi, na huyo huyo kaka yako akasimama kanisani akasoma: "Marehemu alikuwa anafanya kazi za kompyuta. Hakubahatika kuolewa wala kupata mtoto." Basi. Akakunja karatasi. Nilitaka kwenda kumpokonya kipaza sauti, mama akanikanyaga mguu.

Siku ya kuanua tanga wakagawana vitu. Vitenge, friji, vyombo, niliwaachia. Walipofika kwenye kompyuta, eti apewe mtoto wa Baba Mkubwa afungulie steshenari, nikaibeba mbele yao, nikaita bajaji, nikaja nayo Kinondoni, ninakopanga chumba sasa. Kwenye grupu la ukoo naitwa mwizi. Waendelee.

Hesabu nikaianza upya peke yangu. Unakumbuka tulivyokuwa tunaanika nguo, likapita lori la kokoto, nikalaani vumbi? Ulicheka ukasema, "Usilitukane, mama, na sie tumetoka humo humo." Nikilikumbuka neno hilo naudhika, maana wakati ule ulishajua hali yako.

Majibu yametoka leo asubuhi. Shangazi, ulikosea. Ulishikilia kwamba vumbi la galaksi ile tuliyokuwa tunaipima limetokana na nyota zilizozeeka. Galaksi yenyewe bado changa, nyota zake hazijapata muda wa kuzeeka hivyo. Vumbi limetoka kwenye zile kubwa zilizolipuka mapema. Nilikuambia, ukanijibu, "Lete hesabu, acha mdomo." Haya, nimeleta. Nikageuka kukuonyesha, kiti kitupu. Nimekaa nikalia kwa hasira. Nani sasa atanibishia?

Nakuahidi kwenye makala ya utafiti nitaandika wazi kwamba ulikosea, sitakupamba, na jina lako litatangulia langu. Watu wakiuliza ulikuwa nani, wataambiwa na mimi.

Kwaheri, Shangazi. Nilitaka sana kukushinda, ila siyo hivi.

Neema